Meza ya Mwisho ya Maabara

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu juzi. Lakini nina habari njema! Maabara ya pamoja ya Kimandolu imebakiza meza moja. Serikali imeijenga kwa fedha za umma: hewa iliyochujwa, majokofu, umeme usiokatika. Meza zinagawiwa kampuni changa za bayoteknolojia zinazokua. Yangu ni changa. Kuhusu kukua, tutaona.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Meru Bayoteki Kimataifa ni mimi, Anande Sumari, na chumba kimoja Ngarenaro, ukuta mmoja na karakana ya seremala. Nazalisha miche ya migomba ndani ya chupa. Unakata kichipukizi kidogo, unakipandikiza kwenye jeli, unafunga, unasubiri. Vumbi likiingia, ukungu. Na kwangu vumbi la mbao linaingia hata kwenye chai. Karibu chupa zote zimekufa. Zimebaki nne. Hizo nimezihamishia kijijini Akheri kwa Mama, kwenye kabati la vyombo.

Nikikosa meza, kampuni imekwisha. Na nilimwahidi Mama miche safi, isiyo na ugonjwa, kabla ya mvua za vuli. Migomba yake inanyauka mmoja baada ya mwingine, hata ule alioupanda marehemu Baba karibu na jiko. Haniulizi miche iko wapi. Hilo ndilo linaloniuma.

Mshindani: Nancy, wa mbegu za uyoga. Tulisoma kipaimara pamoja. Tangu wakati ule alikuwa anajibu kabla mchungaji hajamaliza kuuliza.

Alhamisi, 12 Juni

Dokta Namelok, mwenyekiti wa kamati, alipiga simu. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, kwa usalama. Alisema Jumatatu watatembelea waombaji wote. Fedha ni za wananchi, kwa hiyo wanataka kuona kazi yenyewe, na kuona kama kweli chumba ndicho kinachoizuia kampuni kukua. Nikamwambia changu kimenibana hadi nalala kwa ubavu. Akasema vizuri, wataona.

Tatizo: chupa nne hazibani chumba.

Niliwaza hadi njaa ikanishika. Nikiwa namenya kitunguu swaumu cha mboga, nikaona kimeota. Jani jembamba, bapa, kijani. Nikalitia ndani ya chupa, nikarudi nyuma hadi mlangoni. Kwa mbali, ni mgomba kabisa!

Mpango ni huu. Swaumu ijaze rafu zote. Zile nne za kweli zikae mbele, usawa wa macho ya Dokta. Chupa ya miche haifunguliwi ovyo nje ya hewa safi, kila mtaalamu anajua hilo. Kwa hiyo sayansi yenyewe inanilinda. Nilikwenda sokoni Kilombero nikanunua swaumu iliyoota ya kutosha. Muuzaji alinipa pole kwa maandalizi ya harusi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepandikiza hadi vidole vinawasha. Bariki, yule seremala, alibisha hodi akauliza nani anapika pilau tangu jana. Nikamjibu kuwa ni utafiti. Akaomba ukiiva aonjeshwe.

Mama alipiga simu. Alitaka kujua zile chupa kabatini ni za nini hasa. Nikamwambia, kwa fahari, kuwa ndiyo mazao ya kwanza kabisa ya kampuni yangu, azitunze kuliko sahani za wageni. Akasema Bwana asifiwe. Nilifurahi kuona ameelewa.

Jumapili, 15 Juni

Niandike yote kama yalivyotokea.

Nilikwenda Akheri ibadani, nikipanga kurudi mjini na chupa zangu. Ukafika wakati wa sadaka za vitu. Watu wakapeleka mbele kama kawaida: kuku, mayai, mkungu wa ndizi. Kisha akatokea Mama, amevaa kitenge kipya, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cheupe. Mchungaji akalifunua.

Chupa zangu!

Mama hupeleka kanisani cha kwanza cha kila kitu. Kahawa ya kwanza ya msimu. Maziwa ya kwanza ng'ombe akizaa. Mshahara wangu wa kwanza, ambao mimi mwenyewe niliuona kwa mbali tu. Nimekua ndani ya nyumba ile, na bado sikuliwaza hili hata kidogo.

Kitu kikishaombewa, hakirudi nyumbani. Kinakwenda mnadani, nje ya kanisa, baada ya ibada. Mzee Yona, mzee wa kanisa ambaye ndiye dalali wetu, aliinua sinia akasema hajui ni kitu gani, ila ni kijani na kimetoka kwa mama mcha Mungu. Nikataja bei. Sauti nyuma yangu ikapandisha. Nikageuka: Nancy! Naye ni mtoto wa usharika huu, bahati mbaya. Nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha hadi nikaingiza na nauli ya kurudi mjini. Akapandisha tena, kwa utulivu, kama anachagua nyanya.

Watu wakapiga makofi. Mama akapiga makofi kuliko wote, macho yamejaa machozi ya furaha. Ningemwambia nini? Nikapiga makofi na mimi.

Nilimfuata Nancy pembeni. Nikamtahadharisha, kama rafiki, kwamba miche ile ina ugonjwa unaoambukiza uyoga, na niko tayari kumwondolea hatari hiyo bure. Alinishukuru sana kwa uungwana. Akasema basi ataitenga dirishani, mbali na uyoga. Akaondoka nayo.

Jumatatu, 16 Juni

Kamati imekuja na imeondoka.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Rafu zimejaa, kijani kila upande. Dokta Namelok alisimama mlangoni akavuta pumzi mara mbili. Akauliza ni ndizi aina gani. Nikasema Mshare. Akasogea, akaitazama chupa moja kwa muda mrefu. Swaumu ilikuwa imetoa mizizi mizuri kuliko migomba yangu yote, na niseme wazi kuwa niliona wivu. Akauliza kama anaweza kuifungua. Nikamweleza kanuni ya kutofungua. Akasema ni kweli, ndivyo anavyowafundisha wanafunzi wake.

Kumbe ile jeli yenye sukari ilikuwa inachachuka. Kifuniko cha chupa ya juu kikaruka chenyewe, kikagonga dari, kikatua karibu na kiatu cha Dokta. Harufu ikajaa chumba chote. Upande wa pili wa ukuta Bariki akauliza kwa sauti kama utafiti umeiva.

"Anande," Dokta akasema kwa upole, "hii Mshare yako inangoja nyama tu."

Hakucheka. Ningeona afadhali angecheka. Walipoondoka nilikaa sakafuni nikafikiria ule mgomba wa Baba.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeitwa Kimandolu. Meza amepewa Nancy.

Dokta alinieleza taratibu, bila kunifokea. Walipofika kwa Nancy waliona chupa nne dirishani, miche safi, mizizi imetulia. Wakamsifu. Nancy akasema si kazi yake, ni kazi ya Anande Sumari. Alizinunua mnadani kwa sababu aliogopa atazipata mtu wa kuzipamba juu ya televisheni. Ule ugonjwa niliomwambia hakuuona, akasema labda nilikuwa nimechoka.

"Ungetueleza ukweli wa hizo nne tu, ukatuonyesha na vumbi la huyo seremala," Dokta alisema, "meza ingekuwa yako."

Kisha akaongeza kuwa Nancy ameomba nitumie meza yake alasiri, maana kazi ya uyoga anaifanya asubuhi. Kamati imekubali kwa majaribio. Mwezi ujao watakuja kuona nimefikia wapi.

Nancy amezileta chupa zangu nne, sasa ziko kwenye hewa iliyochujwa! Mama atapata miche ya vuli. Nilimpigia kumweleza. Akasema ndiyo maana alizipeleka kanisani. Nilitoka nje ya jengo nikalia kidogo. Nancy aliniona. Nikamwambia ni swaumu, bado imo kwenye vidole.

Ijumaa, 20 Juni

Nimetafakari usiku na mchana. Mtu asipojifunza kutokana na kosa lake hafiki popote, kwa hiyo naliandika wazi: kosa langu lilikuwa swaumu. Inanuka.

Na chupa nne zinaonekana chache mno kwenye rafu ndefu ya serikali. Kamati ikirudi itafikiri nimelala. Leo, kabla ya kwenda maabara, nimepitia sokoni nikanunua mafungu ya mchaichai. Jani jembamba, refu, kijani. Kwa mbali, ni mgomba kabisa. Na unanukia vizuri.