Ombi la Ng'ombe Kuruhusiwa Kunywa Maji Kwenye Vivutio

Gati la Zamani,
Njia ya Mkula.
7 Agosti, 1997

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kubinafsisha Magati.

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na nafasi ya kuisoma mpaka mwisho.

Kwanza nakupongeza kwa kubinafsisha gati letu. Kwenye gati letu chama cha ushirika kilipakia marobota ya pamba kwenye tishali kwa miaka mingi. Tishali likaacha kuja, ng'ombe wakaendelea, maana mteremko ule wa saruji ndio mahali pekee mnyama anapokunywa bila kuzama kwenye tope hadi tumboni. Sasa gati mmempa Ndugu Constantine, mnunuzi wa pamba kutoka Kasoli, ambaye mizani yake tunaifahamu. Amezungusha seng'enge, ameweka geti na kibao: "Jiji Bichi. Karibuni Wote Mnaolipenda Ziwa. Furahia Vivutio vya Ufukwe wa Jiji." Jiji lenyewe bado tunalitafuta. Tuna maduka mawili na mashine ya kusaga, nayo imeharibika.

Shida yangu ni hii. Mwanangu Josia anamchumbia Nyamizi, na wakwe wanakuja tarehe ishirini kukagua ng'ombe wa mahari. Ni watu wa Mwanhuzi, wamekulia zizini. Wanabonyeza nyonga na kuhesabu mbavu kwa vidole. Ng'ombe wangu siku hizi wanatembea nusu siku kwenda kunywa na nusu siku kurudi, na mbavu zao unazihesabu ukiwa barabarani. Wakikataliwa, hakuna ndoa, na Josia ameshaanza kuacha chakula. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kibao kinawakaribisha wote wanaolipenda ziwa. Ng'ombe wangu wanalipenda. Mgeni wa Jumapili iliyopita alikaa kutwa ameligeuzia mgongo, anakunywa bia.

2. Ndugu Constantine amejenga ng'ombe wa saruji pale pale kwenye mteremko, mdomo ukigusa maji, ili wageni wapige naye picha na kujifunza utamaduni wa Msukuma. Ng'ombe huyo amenona sana. Ila ana chuchu sita. Nilipomweleza mwenyewe, akasema wageni hawahesabu.

3. Kwa kuwa wa saruji anaruhusiwa, niliwapaka wangu chokaa nikawafundisha kusimama bila kutikisika. Mlinzi wa geti, Mahona, ambaye ni mpwa wangu wa damu, aliwarudisha kwa sababu mmoja alitikisa mkia. Naona huu ni ubaguzi.

4. Winchi iliyooza imepakwa rangi, sasa ni kivutio. Ghala lisilo na paa ni kivutio. Hata utumbo wa samaki unaogombewa na korongo ni kivutio. Kama kila kilichokufa hapa kina thamani, tunaomba wakazi wote tutangazwe marehemu, ili turuhusiwe kuingia.

5. Hilo likishindikana, tubinafsishieni ziwa. Tutalizungushia seng'enge mpaka Ukerewe, na Jiji Bichi watakuja kwetu kuomba kibali cha kulitazama.

Ndugu Mwenyekiti, nimekasirika, sifichi. Babu yangu alibeba mawe ya gati hili kwa amri ya mkoloni. Baba alibeba marobota ya ushirika. Mimi nimefika kwenye soko huria, nabeba ndoo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku wageni wamekuja na mwenyeji anakonda pamoja na mifugo yake.

Naomba geti lifunguliwe kwa ng'ombe kila asubuhi, kwa muda wa saa mbili tu, mpaka wakwe waondoke na harusi ifungwe.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, karani wako Generoza, na yule aliyepiga muhuri bila kufika kwenye eneo. Mama Josia anawasalimu pia, ingawa kwa maneno ambayo sikuweza kuyaandika.

Wako katika ujenzi wa Taifa na mwenye ng'ombe wenye kiu,

Marcelo Machibya,
Mwenyekiti wa Kijiji.

N.B. Nimesikia kwamba kabla ya kunijibu utamtuma Bwana Mifugo aje kuhesabu ng'ombe wetu, na kwamba orodha hiyo hiyo itatumika kwa kodi ya mifugo. Asisumbuke. Mwaka jana kamati yako ilipouliza kama kuna mifugo inayotumia gati, fomu niliijaza mimi mwenyewe kwa niaba ya wote, nikaandika kwamba kijiji hiki hakina ng'ombe hata mmoja. Takwimu hiyo ibaki kama ilivyo. Geti tu ndilo lifunguliwe.