Koti ya Baba Mukwe

Jumatatu, 10 Juni 2024

Muke yangu Alphonsine amekwenda Gety kuona mama yake, anarudi Alhamisi. Ameniachia maneno mawili: nilishe paka, nisifungue valizi. Valizi, sanduku ile ya nguo, ni ya mahari. Ndani kuna vikwembe, vitenge vya mama ya Falone, na kostime ya baba yake, koti na suruali, nyeupe kama maziwa. Jumamosi ndugu yangu mudogo Yves anatoa mahari ya muchumba wake Falone, na musemaji wa familia ni mimi. Mimi Lambert! Si Julien, mutoto wa baba mukubwa, hata kama yeye ni mwalimu na anajua Kifaransa cha kutisha watu.

Nimefungua valizi. Kidogo tu. Nitasifuje koti ambayo sijaijaribu? Nimeivaa mbele ya kioo, nikafanya hotuba yote, mikono na yote. Mama eh! Nilipendeza mpaka nikamuhurumia baba ya Falone. Kisha nikakimbia kwa Julien kumuambia hotuba iko tayari. Alinuna vizuri sana.

Jumanne, 11 Juni

Yezu na Maria!

Sauti ndani ya valizi. Nikafikiri panya, nikashika fagio. Kumbe jana niliiacha wazi, na paka yetu imezaa ndani. Vitoto vine! Juu ya koti! Mukono wa kushoto wa koti ile siwezi kuuandika hapa. Na mimi nilikuwa nafikiri paka imenenepa kwa samaki zangu za ndagala! Nikatia mukono niwatoe. Ikanipiga makucha matano. Mimi ninayeilisha!

Nikaenda kwa Mama Domitille, jirani, muuza ndagala. Lupango yake, nyumba na uwanja, ina paka nyingi kuliko watu. Nikamuambia kuna rafiki yangu mumoja ana shida. Akasema rafiki huyo asiwaguse siku hizi za kwanza, mama yao ana wasiwasi. Kama ni lazima kabisa, angojee paka itoke yenyewe kwenda kula. Anawe mikono, asijipake kitu. Awahamishe upesi pamoja na kitambaa chao chenye harufu yao, awaweke karibu, chini, penye giza na kimya. Kuwabeba-beba kungojee mpaka wafungue macho, siku kumi hivi, na hata hapo kidogo kidogo. Asiwapitishe kwa watu, maana mama atawabeba shingoni na kuwaficha anakojua yeye. Kisha akauliza kwa nini shida ni ya rafiki na damu ni yangu.

Siku kumi! Mimi nina siku ine.

Jumatano, 12 Juni

Nimerekebisha mashauri yale. Mama Domitille anajua paka, lakini akili ni yangu.

Moja, nilijimwagia marashi ya Alphonsine mpaka kwenye viwiko, paka ione kwamba anayekuja ni mutu wa heshima. Pili, nikaweka ndagala nje. Paka ikatoka. Nikabeba vitoto vyote vine kwa mara moja, nikavitia ndani ya kartoni, juu ya kabati, penye mwanga na hewa. Kitambaa chao? Kitambaa chao ni koti! Nikatia gazeti.

Paka ikarudi. Ikanusa valizi. Ikanusa gazeti. Ikaninusa mimi. Sijawahi kusikia sauti ile kwa kitu chenye manyoya. Ilipanda kabati kwa kupitia mimi.

Pua yangu ina mistari mitatu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefua koti mara mbili, nimeipiga pasi ya makala ya moto. Imekuwa nyeupe tena, karibu. Alphonsine amerudi. Nikamuambia pua ni wembe. Akauliza kwa nini nimenyoa pua.

Paka imewashusha watoto wake mumoja mumoja, iko nao chini ya kitanda. Alphonsine amefurahi sana. Akakunja kikwembe chake cha zamani, akakisukuma karibu yao bila kuwashika, akaweka maji, akaondoka. Paka ikamuangalia tu! Mimi ikinitazama masikio yanalala nyuma. Hajui habari ya valizi. Alphonsine, si paka. Paka inajua yote.

Ijumaa, 14 Juni

Julien amekuja kusikiliza hotuba. Alisema ni ndefu. Kwa kumunyamazisha nikamutolea kitoto kimoja, halafu vingine, vikazunguka mikononi mwa Yves na rafiki zake wanne. Wote wakasema, eh, vizuri sana! Paka ilikaa mulangoni, inanitazama. Haikulia hata kidogo. Nikajua tumepatana.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika na mulango umefungwa.

Asubuhi nilivaa koti mara ya mwisho, hotuba ya mwisho, mugongo kwa valizi. Nikaikunja, nikaiweka juu ya vikwembe bila kutazama, nikavuta zipu. Haikufika mwisho. Tukaenda, kwao Falone ni lupango ya tatu tu kutoka kwetu.

Nilisema dakika makumi ine. Watu walifunga macho kusikiliza, hotuba nzuri! Mama ya Falone akafungua valizi.

Koti ilikuwa inapumua!

Kisha ikalia. Nyau! Tantine mumoja, shangazi ya Falone, akaruka juu ya kiti. Vitoto viwili vilikuwa ndani ya vikwembe. Mama yao alikuwa anawahamisha huku mimi nasifu kioo. Na hapo, mbele ya familia mbili, akaingia yeye mwenyewe, cha tatu mudomoni. Akapita katikati ya mukeka bila salamu. Akakiweka juu ya koti. Akatoka. Watu wote tulimungojea alete cha ine. Akakileta!

Mama Domitille, aliyealikwa, akapaza sauti mutu asiwaguse. Akauliza kama rafiki yangu amefika.

Baba ya Falone alisimama. Akauliza kama familia yetu imekuja kuoa ao imekuja kuhamia. Nikajibu kwamba kuzaa ni baraka. Julien akafunika uso. Yves alikaa chini, mikono kichwani, akalia machozi ya kweli. Miaka mitatu anamungojea Falone.

Uamuzi: valizi inabaki pale mpaka vitoto vikomae. Turudi Jumamosi ya tarehe makumi mbili na tisa na kostime mupya na mbuzi ya kuomba radhi. Ikiharibika tena, harusi imekufa. Musemaji atakuwa Julien.

Julien!

Ijumaa, 28 Juni

Kesho tunarudi. Vitoto vimefungua macho. Mama ya Falone anavipakata kila siku dakika mbili tatu, paka inalala pembeni. Leo nilikwenda kwao, nikanyoosha mukono. Ikanipiga. Paka ile haina shukrani.

Kostime mupya, ya buluu, iko kwetu kwa sababu nyumba ya Julien inavuja. Alphonsine ameifungia kabatini na kuficha ufunguo ndani ya sufuria. Amekwenda soko. Yves alinishika mikono yote miwili, akaniomba kwa jina la mama yetu nisiikaribie.

Nimeivaa dakika tano tu. Mabega yangu na mabega ya baba mukwe ni mamoja, ni lazima mutu ahakikishe. Nikafanya hotuba pia, kama Julien akiugua gafula. Sasa nimeirudisha chini ndani ya kabati, nimeacha mulango wazi ipate hewa.

Nakwenda kwa Julien kuuliza kama anajisikia vizuri. Paka moja ya Mama Domitille inapita-pita hapa tangu asubuhi. Ina tumbo kubwa ajabu. Mama yule anaipa ndagala nyingi mno.