Kompyuta ya Mkunga Imegoma

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta ya mke wangu imegoma. Si kwamba haiwaki. Inawaka vizuri, feni inavuma, inaomba nenosiri. Ukiliandika, skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha inakurudisha palepale pa kuomba nenosiri. Kama karani anayepokea barua yako, anaitazama, anakurudishia bila neno. Mimi ni karani wa masjala ya hospitali mwaka wa ishirini na sita huu, kwa hiyo najua ninachosema.

Mke wangu amejaribu mara nne. Kisha ameniita kwa upole, na upole huo ndio ulionitia wasiwasi. Ameuliza nimeifanya nini kompyuta yake. Nimemjibu sijaifanya kitu. Kweli kabisa. Wiki hii sijaifanya kitu.

Niandike jambo lenyewe. Ijumaa anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya ukunga. Tangu Agosti amekuwa akiandika mwongozo kwa wakunga wanafunzi, kila alfajiri kabla ya zamu, kwenye meza ya jikoni. Ameahidi kuwakabidhi hiyo Ijumaa, ukiwa kitabu kamili. Kurasa mia moja na kumi na mbili, pamoja na picha alizochora mwenyewe. Zote zimo humo ndani. Na aliyeondoa mfumo wa zamani na kuweka mwingine uitwao Linux ni mimi, mwaka jana, nikisema itakuwa nyepesi na salama zaidi. Shemeji, yaani mdogo wake wa kiume, ambaye riziki yake ni kutengeneza kompyuta, aliniuliza wakati ule kama nina hakika. Nilimwambia nimesoma.

Mke wangu amesema atampigia Shemeji. Nimemwambia asimsumbue mtu na kazi zake, hili ni tatizo la kibodi tu. Kuna herufi inakwama, ndiyo maana nenosiri linarudishwa. Nimelisema kwa sauti ya daktari bingwa. Amenitazama. Akasema haya, Baba Mapacha.

Kesho naleta kibodi ya masjala.

Jumanne, 5 Machi

Nimetoka kazini na kibodi ndani ya koti, kwa nyuma. Mlinzi wa lango ameuliza mbona leo natembea nimenyooka hivyo. Nikasema mgongo. Amenishauri nilalie kitu kigumu.

Kibodi si tatizo.

Mpango wa pili: vumbi. Nimefungua boksi lenyewe. Vumbi la kutosha kupandia maua. Nimelipuliza, likaingia lote machoni mwangu. Nilipoanza kuona tena, nikachomoa kadi ya kumbukumbu, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, kama alivyofanya bwana mmoja kwenye video, mtu mwenye mikono mitulivu sana. Nikairudisha. Nikafunga. Skrubu mbili zimebaki mezani. Nimezitia mfukoni. Nadhani kiwanda huweka za ziada.

Sasa skrini haionyeshi kitu kabisa. Mashine inalia tu. Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi, tena na tena. Mke wangu ameuliza kutoka uani kama hiyo ni dalili nzuri. Nimesema inajipima. Akasema kwa uzoefu wake, kinacholia ni kizima, ila mtu hakai tu kukisikiliza.

Nimefungua tena. Kadi haikuwa imeingia hadi mwisho. Nimeibana kwa kidole gumba mpaka ikaitika, tak. Tumerudi tulipokuwa jana: inaomba nenosiri, inalirudisha. Mimi nimeyaona hayo kuwa maendeleo.

Nilipotoka kuoga nimemkuta mezani na daftari jipya. Anaandika sura ya kwanza upya, kwa mkono, kutoka kichwani. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatano, 6 Machi

Amempigia Shemeji. Nimeambiwa saa nane kwamba anakuja saa kumi.

Nimeomba ruhusa, nimekimbia nyumbani, nimechomoa nyaya na kusukuma boksi chini ya kitanda. Nikalifunika blanketi. Skrini sikupata pa kuificha, ikabaki mezani.

Shemeji amefika na kile kibegi chake kidogo cha bisibisi, kisafi kama cha daktari wa meno. Nimemwambia amechelewa kidogo, kompyuta nimeipeleka kwa mtaalamu. Ameuliza mtaalamu gani. Nimesema mmoja hivi. Ameuliza yuko mtaa gani. Nimesema anahamahama.

Akakaa. Akaletewa chai. Mbele yake kulikuwa na kibodi, na juu ya kibodi karatasi iliyogundishwa, MALI YA MASJALA, ISIONDOLEWE. Ameisoma mara moja. Akamsifia dada yake chai. Hakuuliza lolote jingine, na huo ndio ukatili wa mtu huyu. Tangu aanze kazi hiyo, mwaka wa kumi na tano sasa, tunashindana kwa adabu, na sijawahi kumshinda hata siku moja.

Nilipomsindikiza mlangoni akasema, "Shemeji, huyo mtaalamu akikwama, asione taabu kunipigia."

Nikamjibu kwamba hajawahi kukwama.

Nilipogeuka, mke wangu amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, anatazama waya uliochungulia kwenye blanketi. Mbele ya mdogo wake hakuwa amesema kitu. Hata sasa hakugomba. Amesema miaka thelathini na mmoja amekuwa akiwaambia wanawake kwamba hakuna aibu kusema panauma. Kisha amerudi kwenye daftari lake. Yuko sura ya pili. Zipo kumi na nne.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeomba siku ya mapumziko. Mkuu wa masjala ameitoa bila kubisha, ila ameuliza kama nimeona kibodi mahali. Nimesema nitaangalia.

Nimeirudisha kompyuta mezani. Kwenye simu nimesoma kwamba ukibonyeza vitufe fulani vitatu kwa pamoja, mashine inakufungulia mlango wa nyuma: ukurasa mweusi, maandishi meupe, hakuna picha wala kipanya. Nimebonyeza. Ukafunguka. Nimeandika nenosiri, nalo limekubaliwa papo hapo. Kumbe nenosiri halikuwa na kosa tangu mwanzo. Nikaamuru ionyeshe mafaili. Kitabu kipo. Sura zote kumi na nne. Nimekaa chini pale pale kwenye sakafu.

Kisha nikaamuru ipime nafasi ya diski. Asilimia mia. Imejaa pomoni. Inaomba nenosiri, inalikubali, inataka kumfungulia mtu meza yake ya kazi kwenye skrini, haina pa kuandikia hata mstari mmoja, inamrudisha mlangoni.

Nani ameijaza? Nimetafuta. Kuna folda moja kubwa kuliko zote, inaitwa USALAMA. Ndani yake nakala za kitabu. Elfu ishirini na tatu na zaidi.

Jina hilo nililitunga mimi. Agosti iliyopita niliweka kijiamri kidogo, siri yangu, kinachonakili kitabu chote kila dakika kompyuta inapokuwa imewashwa, asije akapoteza hata neno moja. Nilikusudia kumwambia siku ya kustaafu, kama zawadi. Kisha nikasahau. Nakala zote nimeziweka ndani ya diski ileile.

Kwenye simu kulikuwa na amri ya kufuta kila kitu bila kuuliza swali. Nimeiandika yote. Kidole kiko juu ya kitufe. Nikakiondoa. Nikatoka nje hadi penye bomba la maji, nikampigia Shemeji.

"Kuna mwenzangu hapa masjala," nikamwambia. "Diski yake imejaa nakala."

Akauliza: "Huyo mwenzako, mke wake anajua?"

"Bado."

"Mwambie asifute kabla hajatazama. Abakize nakala ya mwisho, na moja ya kila mwezi. Amri ya kufuta aisome kwanza kwa sauti, ndipo abonyeze. Na hicho kinachonakili akizime." Akaongeza: "Halafu mwambie tunajua alikuwa na nia njema."

Nikasema nitamfikishia.

Nimezifungua moja moja, nakala ya kila mwezi. Ile ya Novemba ina kurasa mia moja na kumi na tano. Ya sasa ina mia moja na kumi na mbili. Nikadhani nimeharibu kitu kingine. Nimetafuta zilizopungua. Ni sehemu moja, kurasa tatu, aliyoiandika kisha akaifuta. Kichwa chake: Mwanamume Aliye Nje ya Mlango.

Anasimulia juu ya mama mmoja aliyejifungua mtoto wa kwanza. Mtoto aliishi siku mbili. Siku hizo zote mume alikuwa kwenye ukumbi wa wodi, hali, halali, halii. Aliazima bisibisi kwa seremala wa hospitali. Akakaza kitasa cha mlango. Akatengeneza droo ya meza ya manesi. Akashika bomba la kunawia, likaharibika zaidi. Nimenakili hapa maneno yake ya mwisho, neno kwa neno:

"Nesi mmoja alitaka kumfukuza. Lakini mke, akiwa kitandani, alikuwa akisikia bisibisi ikigonga mlangoni mchana kutwa, akajua hayuko peke yake. Mtu wa namna hii msimfukuze. Mpeni kitu cha kushika."

Nimesoma mara tatu. Watu wote wanatuita kwa mapacha wetu, ambao sasa ni watu wazima wana nyumba zao. Yule wa kwanza hakuna anayetuita kwa jina lake. Nilidhani bisibisi ile naikumbuka peke yangu.

Mke wangu aliporudi saa kumi nimemweleza yote. Nakala, skrubu mbili, kibodi, mwenzangu wa masjala. Kisha nikamwambia nimesoma kurasa za Novemba.

Akavua viatu vya kazi polepole. Akasema alizifuta kwa sababu mwongozo ni wa kazi, si wa mambo ya nyumbani. Halafu akasema hapana, si hivyo. Alidhani mimi nimeshasahau, hakutaka kunitonesha.

Nikasema lile bomba lilikuwa bovu kabla sijaligusa.

Amecheka mpaka akafuta machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Nimemshika mkono. Tumekaa hivyo hadi mwanga ukahama kutoka mezani ukaenda ukutani.

Kisha nimekizima kinachonakili, nimetenga nakala alizosema Shemeji, na tumeisoma amri ya kufuta kwa sauti, wote wawili, kama watu wanaokula kiapo. Amebonyeza yeye. Tumewasha upya. Nenosiri. Skrini nyeusi kidogo. Kisha meza yake, na picha ya mapacha nyuma yake, kama hakujatokea kitu.

"Zirudi?" akaniuliza, akimaanisha zile kurasa tatu.

"Kitabu ni chako."

"Mtoto ni wetu wote."

Zimerudi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefika masjala mapema, nimerudisha kibodi, nikachapa nakala ishirini kabla mkuu hajaingia. Printa ilikwama mara moja. Sikuigusa. Mwenzangu mmoja, wa kweli, aliizima, akaiwasha, ikaendelea. Bahati tu.

Wamemuaga kwenye ukumbi wa wodi. Mganga mkuu amesoma hotuba yenye idadi ya watoto aliowapokea mke wangu. Idadi hiyo ni ya mji mzima. Yeye alipopewa nafasi amesema maneno mafupi, kwamba mnawe mikono kabla na baada, na msimdanganye mama. Akagawa vitabu.

Mwanafunzi mmoja mwenye miwani amesimama dirishani akisoma. Nimeona yuko kwenye zile kurasa. Amemaliza, akafunga kitabu, akatazama kitasa cha mlango kwa muda. Kitasa kilishabadilishwa zamani. Sikumwambia.

Shemeji amekuja na maua. Ameuliza mwenzangu wa masjala anaendeleaje. Nimesema hajambo, anamsalimu. Akasema naye anasalimiwa sana. Kisha akanishika bega, akauacha mkono hapo muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nikaona si mtu mbaya. Bado sikubali chai yetu aisifie kila mara kwa namna ile.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya pili ya kustaafu. Mke wangu ameamka alfajiri kama kawaida, akasimama jikoni hajui aende wapi, kisha akakaa kwenye kompyuta na kuanza kitabu cha pili. Hiki ni cha akina bibi, namna ya kumsaidia binti aliyejifungua bila kumtawala. Hadi saa nne alikuwa na kurasa sita. Nilimsikia akicheka peke yake.

Nimekaa nikatafakari wiki yote. Nimejifunza mengi. Kubwa ni kwamba nina kipaji. Mtu wa kawaida angekata tamaa Jumanne.

Na nimeona jambo ambalo hata Shemeji hajaligusia. Kompyuta ile inachukua karibu dakika mbili kuwaka. Kwa mwandishi ni muda mrefu, wazo linaweza kumtoroka. Nimesoma kwamba kuna toleo jipya la mfumo mzima, limetoka mwezi huu, jepesi zaidi na salama zaidi. Mtu mmoja ameandika kwamba amelijaribu na halijamletea taabu, isipokuwa sauti, na kuchapa, na skrini.

Mke wangu alipotoka kuanika nguo nimeanza. Maandishi yanashuka vizuri. Imeniuliza maswali kadhaa, nimejibu ndiyo yote, kuokoa muda.

Amerudi na beseni tupu. Ameona skrini. Amefungua mkoba wake, nikaona flashi yenye kitabu imo humo tayari, amefunga mkoba, ameuning'iniza begani, humo humo ndani ya nyumba. Kisha amevuta kiti, amekaa karibu yangu, bega kwa bega.

Nimemwambia ni dakika ishirini tu.

Ameuliza kama chakula aandae cha mchana au cha jioni.