Bakuli Halirudi Tupu

Jumamosi, 1 Novemba

Siku njema kuliko zote za mwaka huu! Nimepewa bakuli.

Si bakuli hivi hivi. Ni la Wacera, mjane wa mtaani Tuwan anayeuza keki ya viazi vitamu sokoni Kitale kila Jumamosi. Anaoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na haiungui. Miaka miwili sasa nanunua kipande kimoja, nasema asante, naondoka. Mimi Kagwe, mpima unyevu wa mahindi, ninayewaambia matajiri wa maghala bila kupepesa jicho kwamba mahindi yao hayajakauka, mbele ya Wacera nakuwa bubu.

Leo alinisikia nikikohoa. Akasema mtu anayeishi peke yake hawezi kupona kwa chai kavu, akanijazia keki kwenye bakuli la kijani lenye kifuniko, niende nalo nyumbani. Kipketer alikuwepo. Kipketer ana mashine ya kusaga unga, na kila Jumamosi humbebea Wacera gunia la makaa, ati kwa sababu anapita njia hiyo. Hapiti njia hiyo. Yeye hajawahi kupewa bakuli.

Sasa, bakuli la mtu halirudi tupu. Mama alinifunza hivyo, na Wacera kafunzwa hivyo na mama yake. Wengine hurudisha mayai, au sukuma wiki. Mimi nitarudisha kitu nilichooka. Aone kwamba tunafanana.

Jumapili, 2 Novemba

Nimejaribu kuoka. Sitaki kuandika habari zake. Jirani alikuja kuuliza nani anachoma tairi. Sufuria nimeiacha nje.

Jumanne, 4 Novemba

Bungoma, kazi ya ghala. Nilipomaliza nikaenda Kibabii, karibu na chuo kikuu, ambako wapakiaji wanasema kuna mkate wa ndizi wa kumsahaulisha mtu kwao. Mwenye mkate ni Mama Nakhungu. Ananiita kijana, ingawa nina miaka arobaini na tisa. Nilionja. Kwa kazi yangu naweza kusema: unyevu wake sawasawa kabisa. Nilifumba macho.

Aliniuliza kama nampelekea mama wa nyumbani. Ilikuwa rahisi kusema sina. Badala yake nikasema mimi mwenyewe ni mwokaji, wa Kitale, nimekuja kuona wenzangu wanafanyaje. Sijui maneno hayo yalitoka wapi! Alifurahi mno. Akakataa kumfungia mwokaji mwenzake mkate kwa gazeti, akautia kwenye bakuli lake la nyumbani. La kijani. Lenye kifuniko. Nimrudishie Jumanne ijayo, na anangoja kwa hamu kuonja mkono wangu.

Jumatano, 5 Novemba

Nilihamishia mkate kwenye bakuli la Wacera, nikampelekea jioni. Nikasema ni kitu kidogo tu nimeoka. Alikula vipande viwili akiwa amesimama mlangoni.

"Ati ni wewe umeoka hii? Aki Bwana Kagwe, na vile huwa umenyamaza!"

Kisha akasema kwamba tangu mumewe afariki hajapata mtu wa kuongea naye mambo ya moto na unga. Watu wanakula tu, wanaenda. Ningesema ukweli pale pale. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu mwingine, na alikuwa akiniangalia kwa wema. Nikasema siri yenyewe ni kutokoroga sana.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeketi nyuma ya meza ya Wacera! Upande wa muuzaji! Aliniuliza makaa ya muwati na ya mgunga, yapi yanafaa zaidi kwa keki. Nikasema inategemea. Alifikiri kidogo, akakubali kwamba inategemea.

Kipketer alitua gunia lake akamwomba Wacera amfunze naye. Akakiri mbele ya wateja kwamba hata ugali hajawahi kuusonga ukaiva. Aibu gani hii, mtu mzima kujianika hivyo! Wacera alicheka, lakini si kicheko cha dharau. Sikukipenda kicheko hicho.

Nimerudi na bakuli. Limejaa.

Jumanne, 11 Novemba

Kibabii. Nimemrudishia Mama Nakhungu bakuli lake likiwa na keki ya Wacera ndani. Alionja, akasema, "Kijana, wewe uko na mkono." Akaita majirani. Wanawake watano wakanisifu kwa jasho la mtu mwingine, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Nilijisikia vibaya. Si vibaya sana, lakini vibaya.

Akanirudishia bakuli limejaa mkate wa ndizi. Hawa wanawake hawachoki?

Jumatano, 12 Novemba

Nilitoa mkate, nikaosha mabakuli yote mawili, nikapanga upya, nikambebea Wacera lake. Alilipokea kwa mikono miwili. Akaniambia niache kumwita Mama Mboga kama wateja wengine, kwa sababu hauzi mboga, na kwa sababu ana jina. Nilitembea mpaka nyumbani bila kuhisi mawe ya njiani.

Alhamisi, 13 Novemba

Balaa.

Wacera alipiga simu asubuhi. Alipokuwa akiosha bakuli aliligeuza, na chini yake kuna maandishi ya rangi ya kucha, nyekundu: NAKHUNGU, KIBABII, na namba ya simu. Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua, kwamba mama akiazimisha vyombo harusini au matangani huviandika jina, la sivyo havirudi. Miaka yote nimekula matangani na sijawahi kugeuza bakuli.

Nilidhani atafikiri nina mwanamke Bungoma. Nilikuwa nimeshaanza kubuni shangazi. Hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshampigia Mama Nakhungu na wameongea saa nzima. Mwanzoni walicheka, akasema. Baadaye yeye hakucheka tena.

Jumamosi, 15 Novemba

Meza moja, wanawake wawili. Keki ya viazi vitamu upande huu, mkate wa ndizi upande ule. Mama Nakhungu ametoka Bungoma alfajiri na vikapu vyake. Wameshafundishana kila kitu, na hawakunihitaji hata kidogo. Watu wamepanga foleni hadi kwa wauza vitunguu. Mama Nakhungu aliponiona aliniita Mwokaji Mkuu kwa sauti ya mkutano wa injili. Nilitamani ardhi inimeze.

Wacera alinivuta kando. Hakunigombeza, na ningependa anigombeze. Alisema hakuna mtu aliyekufa kwa ajili ya mkate. Kilichomuuma ni kwamba kwa siku nane alijua amepata mtu wa kusimama naye jikoni, akaanza kuzoea. Kisha akasema Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, niende nyumbani kwake tuoke.

"Kuja mikono mitupu. Kuja kama mtu hajui kitu, kwa sababu hujui kitu. Mimi nitakufunza. Lakini sitakuita mara ya pili, si unaskia?"

Nilisikia. Nililia kidogo nikielekea nyumbani. Nampenda. Neno hilo sijawahi kuliandika, hata humu ambamo hakuna mtu anayesoma. Na nimepoteza siku nane nikiwa mtu mwingine mbele yake.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimefikiri sana. Nitaenda, bila shaka. Mikono mitupu, bila shaka. Lakini Kipketer atakuwepo na gunia lake. Anione nikivunja yai kama mtu anayepasua kuni?

Je, nikienda nikijua kidogo tu? Nitajifanya sijui. Wacera atanionyesha mara moja, nami nitaelewa papo hapo. Atastaajabu jinsi ninavyoshika haraka! Huu si uongo. Haya ni matayarisho. Bungoma yuko dada anaitwa Jentrix, anafunza kuoka kwa siku tano, na tanuri la umeme analo. Nimejiandikisha, na kazini nimeomba ruhusa ya wiki. Masomo yanaanza kesho, Jumanne, na kumalizika Jumamosi.

Kwamba ndiyo Jumamosi ya Wacera, nimeliona baada ya kujiandikisha.

Ijumaa, 21 Novemba

Jentrix anasema nina mikono mizito lakini nina bidii. Keki yangu ya leo imeumuka upande mmoja. Somo kuu ni kesho, na asiyekuja kesho ni kama hakuja wiki nzima. Nimekaa na simu mkononi tangu saa nane mchana. Mwishowe nimemwandikia Wacera kwamba nimeshikwa na homa.

Jumamosi, 22 Novemba

Wacera amejibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Pole sana. Nilikuwa nimeponda viazi vya watu wawili. Kipketer ameleta makaa, nimemwambia aingie."

Niliusoma ujumbe huo nikiwa na unga hadi viwikoni. Nikavua aproni. Ningetoka wakati ule ningefika Kitale kabla hawajaenda sokoni, ningesema kila kitu, ningesema hata lile neno. Jentrix akaniuliza kama naondoka, maana tanuri limeshapata moto. Nikavaa aproni tena.

Saa sita Mama Nakhungu akanipigia kuuliza hali ya mgonjwa. Yuko sokoni na Wacera. Ati sufuria ya kwanza Kipketer ameiunguza, wakacheka hadi wakaketi chini. Ya pili ametoa nzuri, na watu wanaimaliza. Nilitoka nje nikakaa juu ya kreti la soda. Nilikaa muda mrefu. Pale kando ya Wacera ndipo pangekuwa pangu.

Lakini keki yangu ilipotoka, imeumuka pande zote mbili! Jentrix mwenyewe amepiga makofi. Anasema nikiongeza wiki mbili nitajua kupamba kwa krimu, maua na majina. Kipketer hatajua kupamba hata siku moja.

Nimemwandikia Wacera kwamba homa imegeuka nimonia.