Koti Namba Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Barua imefika. Chuo cha ushonaji kimeniteua mtahini mkuu. Mimi! Miaka ishirini na sita nashona suti, wateja hawakauki, na bado nangoja mtu anishtukie. Sina cheti. Alinifunza marehemu baba, chumba cha mbele, palinuka chaki na mafuta ya cherehani. Kola yangu ya kwanza niliipachika kichwa chini. Baba akalivaa shati hilo hivyo hivyo harusini kwa shangazi! Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu imepatikana! Wanafunzi ni kumi na wawili. Nitashona koti, nilichomeke katikati ya makoti yao ya mtihani, yasiyo na majina, namba kumi na tatu. Mtahini mwenzangu, mwalimu aitwaye Sindano kwa ukali wa ulimi, alikadirie alama bila kujua ni la nani. Likifeli, najiuzulu kabla sijaumbuka. Mume wangu akauliza kama niko mzima. Nikachukua mkasi.
Nimelishona kwa cherehani ya baba, ile ya kukanyaga. Zamani nilikaa chini yake nikiokota pini, nikihesabu miguu ya baba ikipanda na kushuka. Nimekanyaga taratibu, kama yeye.

Alhamisi, 6 Machi
Sindano kaligeuza koti langu ndani nje. Kavua miwani. Nikamwuliza kuna nini.
“Tazama kwapa hili,” akasema. “Huyu kafunzwa na mtu mvumilivu.”
Nikakimbilia msalani kulia. Alama tisini na sita, za juu kuliko zote!
Balaa: mkuu wa chuo anamtaka namba kumi na tatu ampe zawadi mbele ya wazazi. Kesho!

Ijumaa, 7 Machi
Nimekiri. Mkuu kanikodolea macho, kisha zawadi kampa namba saba, aliyefuatia kwa alama. Sindano kacheka hadi kashika meza. Halafu akaninong’oneza:
“Mwenzangu, mimi mwaka wa kumi na tisa huu nangoja wanishtukie, waje wanitoe.”
Tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Ikiwa Sindano mwenyewe hajui kama anajua, alama zake zina uzito gani? Na zile nne alizokata, aliona nini?
Kuna mtahini mwingine chuo cha ng’ambo ya mto. Wanasema hakosei. Nimeanza kukata suruali. Itakwenda kwa jina la mume wangu. Bado sijamwambia.