Ndoo Niliyoibana Magotini

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kwaya ya akina mama, Mkonze. Wifi Anitha kapewa tena ngoma kubwa, ile inayobanwa mapajani. Mimi? Makofi tu! Akasema mbele ya wote eti mapaja yangu yamekuwa uji tangu nimzae Sila. Wakacheka. Askofu anakuja Jumapili ya pili. Nimeapa: ngoma hiyo ni yangu.

Jumanne, 4 Juni
Ngoma sina. Nikatia mchanga kwenye ndoo kubwa, nikafunika, nikaibana magotini, nikachuchumaa nyuma ya banda la kuku. Saa tatu hadi saa saba, juani! Maji sikunywa, nisije nikakatisha mazoezi kwenda chooni. Nimepiga hadi kuku wamehama. Anitha, kazi unayo.

Jumatano, 5 Juni
Mapaja yamevimba kama magunia. Sila analia, kumbeba siwezi. Mkojo kama chai ya rangi! Nikamwambia mama mkwe ni juisi ya rozela. Akasema Mama Sila, rozela gani hiyo, hata sukari humu ndani hamna. Mume wangu Zablon kanipeleka hospitali.

Alhamisi, 6 Juni
Dripu ya tano. Daktari kasema misuli imevunjika, uchafu wake umeingia kwenye damu, unaumiza figo. Dawa ni maji mengi. Figo zikigoma, mashine ya kusafisha damu. Akauliza: umeanguka? Umetumia dawa yoyote? Hapana, hapana. Niseme ndoo? Mama mzima mimi? Akamtoa Zablon nje, akauliza polepole kama huyu bwana ananipiga. Nikainamisha kichwa kwa aibu ya ndoo. Yeye akadhani nimejibu.

Ijumaa, 7 Juni
Muuguzi kamnyima Zablon kiti. Kamwambia wanaume wengine mikono mirefu, akili fupi. Zablon, ambaye hata kuku huchinjiwa na jirani! Kasimama dirishani, Sila mgongoni kwa kanga yangu, ananitabasamia. Nikasikia wanataka kumwitia polisi wa dawati la jinsia. Nikalia. Nikasema yote: ndoo, mchanga, kuku. Bibi wa kitanda cha pili alicheka hadi akapaliwa. Daktari kafoka: siku nzima nimemficha sababu, na figo ni zangu. Zablon akaja kitandani. Kanifuta machozi kwa nepi ya Sila. Nilitamani kitanda kinimeze.

Jumatano, 12 Juni
Mkojo umekuwa mweupe. Figo zimepona, Mungu mkubwa! Nimeruhusiwa. Wiki nne nisichuchumae, nisibebe mzigo mapajani. Anitha kaja na uji wa uwele, kaniomba radhi, tukalia wote. Nimeona haya kweli. Kasema askofu kaahirisha hadi Agosti.

Agosti!

Daktari kasema mapaja. Mabega hakuyataja. Na ngoma kubwa inataka mabega. Nimeazima mchi mzito kwa jirani Mwantum, nimemwambia ni wa mahindi. Kesho Zablon akitoka tu, naanza. Kwa saa mbili nzima. Nne, nikiweza.