Tundu Lililongojea Ijumaa

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi 2024

Asubuhi barua pepe imeingia kwenye sanduku la ofisi. Waliotengeneza programu ya kompyuta yetu kubwa wanasema ina tundu. Wezi wamekwisha kulijua, na kwa wengine wanaingia. Tuzibe leo. Mise à jour, programu ya kuliziba, iko tayari. Kazi ya nusu saa.

Nikafikiri. Nusu saa peke yangu, nani ataniona? Ofisi yetu inawatafutia wazazi watoto waliopotea katika vita. Watoto mia sita na kumi na wawili wamo ndani ya kompyuta hiyo, na anayeitunza ni mimi, Fortunat. Lakini walipotafuta chef de bureau, msimamizi wa ofisi, walimchukua Élodie, mtu wa fishi, kadi za karatasi za kuandika kwa mkono.

Ijumaa anakuja mukubwa wetu wa Kinshasa, Papa Josias. Nitaziba mbele yake, kwa maelezo. Barua nimeifuta, Élodie asiione.

Jumanne, tarehe 8

Mama Mukashyaka amekuja, kama kila Jumanne. Ni wa Kalengera. Binti yake Igihozo, miaka tisa, alimponyoka mkononi barabarani siku ya kukimbia. Mama anakaa kwenye benchi, anauliza mara moja tu, anangoja.

Akiwa bado pale, ujumbe ukaingia kwenye simu ya ofisi kutoka kwa Mbarushimana, mtu wetu wa Bunagana. Mtoto wa jina hilo, mwenye kovu la moto mkononi, anaishi kwa mfanyabiashara mmoja. Jina la huyo mtu, namba ya simu, vyote vimo. Mfanyabiashara huyo yuko safarini, atapatikana Alhamisi. Jumamosi anahamia Uganda na jamaa yake yote. Élodie akaingiza yote kwenye kompyuta, akafuta ujumbe kwenye simu, ndivyo tunavyolinda watoto. Sheria yetu ni kwamba mama haambiwi mpaka tuhakikishe. Hakuambiwa.

Élodie akataka kuandika na kwenye fishi. Nikasema, mbele ya directrice, mkuu wetu Mama Thérèse, kwamba karatasi zitatuaibisha kwa mgeni. Mama Thérèse akakubali kabati litolewe. Fishi zote nimewapa wamama wa jikoni, za kuwashia babula, jiko la makaa. Élodie hakula mchana. Mimi nilikula vizuri.

Jumatano, tarehe 9

Dada yake Élodie amepiga simu kutoka Bukavu. Shirika moja huko limefungiwa kompyuta zote na wezi. Élodie akaniuliza kama sisi tuko salama. Nikamwambia tundu nilikwisha kuliziba Jumatatu. Akanishukuru. Hilo liliniudhi kidogo.

Nimeazima kravati, tai ya shingoni. Nimejifunza hotuba yangu ndani ya choo. Mlinzi aligonga mlango, alidhani ninaumwa.

Alhamisi, tarehe 10

Kompyuta zote zinaonyesha barua moja, kwa Kiingereza. Mafaili yamefungwa. Diski ya akiba, yenye nakala zote, nayo imefungwa, maana niliiacha imechomekwa tangu mwezi wa saba. Taa yake ndogo ya kijani inanipendeza.

Nimemwambia Mama Thérèse ni mambo ya umeme.

Élodie alikuwa ameshika simu, tayari kumpigia mfanyabiashara. Akaniomba namba. Namba haipo. Mbarushimana yuko Vitshumbi mpaka Jumatatu, na kule simu haishiki. Élodie akaniuliza, polepole, hilo tundu nililoziba Jumatatu nililijua kwa barua ipi. Nikamuuliza barua gani.

Ijumaa, tarehe 11

Nilivaa kravati hata hivyo. Nikaanza kumweleza Papa Josias habari za tundu. Akanikatiza, akauliza tulilijua lini. Nikasema mambo haya ni ya kitaalamu. Élodie akaweka karatasi mezani. Barua ya Jumatatu. Ameitoa, kwa simu yake, kwenye takataka za sanduku, zinakobaki barua zilizofutwa.

Nilisahau kumwaga takataka. Kosa dogo hivyo.

Jumatatu, tarehe 14

Mbarushimana amerudi, Élodie amempata. Mbarushimana amekimbia mpaka kwenye ile nyumba. Ina kufuli. Walivuka Jumamosi, na mtoto. Majirani hawajui wameenda mji gani. Namba ile hakuikumbuka. Kwa sababu ya barrières, vizuizi vya wenye silaha barabarani, hufuta kila kitu kwenye simu akishatuma.

Jumanne, tarehe 15

Mama Mukashyaka amekuja. Élodie alikaa naye kwenye benchi, akamwambia yote kwa Kinyarwanda. Ilichukua muda. Kisha mama akanigeukia mimi.

“Papa, mutoto iko muzima?”

Nikasema ndiyo, mama.

“Ile Jumanne nilikuwa nakaa hapa, mulikuwa munajua?”

Nilitazama keyboard. Mama akakaza kitenge chake, akasema basi atarudi Jumanne. Heri angenitukana. Leo mimi ndiye niliyekosa kula.

Alhamisi, tarehe 17

Nimefukuzwa. Wivu, hakuna kingine.

Lakini karibu na nyumbani kuna kliniki ya uzazi. Docteur Bashige hana mtu wa kompyuta, na mchana huu amenichukua. Akanionyesha barua aliyoipata leo: programu yao ina tundu, wezi wameanza kuingia, wazibe bila kukawia. Akauliza itachukua muda gani. Robo saa, nikamwambia. Ila nikamshauri tungoje Jumatano, mukaguzi wa afya atakapokuja, aone kazi ikifanyika.

Docteur akasita. Akasema habari za wamama wote wanaongojea kuzaa zimo humo.

Nikamwambia asiogope. Mambo haya nina uzoefu nayo.